Siku Nyumba Ilipouacha Mlima

Juzi kijana mmoja wa Magamba alipita hapa kwangu Karema kunisalimia. Akaniambia amepata kazi ya kuendesha boti ya injini kati ya hapa na Ikola. Nikampongeza, kisha nikamuuliza kama anaujua mkondo wa maji. Akacheka kwa adabu, kama mnavyocheka nyie mkiongea na wazee, akasema, "Babu, ziwa si mto. Maji yamesimama tu."

Sikubishana naye. Nilimpa chai na kiazi, akanywa, akaondoka. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikibishana naye kichwani mwangu, na kila mara ninamshinda. Nikaona si haki kumshinda mtu ambaye hayupo. Bora niandike, asome yeye na wenzake wote mnaoshuka kutoka Mpanda, Mishamo na kwingineko kuja kutafuta kazi majini.

Msidhani nawacheka. Mimi nimezaliwa Mwese, milimani, ambako maji tuliyoyajua ni ya kijito unachokivuka kwa hatua moja ukiwa na ndoo kichwani. Nilipoliona ziwa mara ya kwanza nilikuwa mtu mzima mwenye mke. Nilikuja kuomba kazi ya ulinzi kwenye kituo cha afya cha huku ufukweni, miaka ya tisini ikiwa ndiyo inaanza, nikaipata. Kituo kilikuwa na boti ndogo ya mbao ya kumpeleka nesi kwenye vijiji visivyo na barabara, pamoja na boksi la barafu lenye chanjo za watoto. Boti ile ilikuwa na injini. Ilikufa mwaka wangu wa kwanza, spea ikaagizwa, na mimi nimestaafu spea haijafika. Tukarudi kwenye tanga na makasia.

Nahodha alikuwa Mzee Kasiano. Alipoona injini imekufa na mgongo wake nao unauma, akaomba kupumzika aende kwa mwanawe Mpanda mjini. Wakatafuta mtu wa kushika boti, wakaniona mimi nimesimama getini na rungu. Mzee Kasiano alinifundisha wiki mbili: kupandisha tanga, kulishusha haraka, kushika usukani bila kuupigania. Siku ya mwisho akaniambia, "Upepo utauona kwenye tanga. Maji yanayokubeba huyaoni. Hayo mimi nimeyajua kwa kubahatisha tu. Kamuulize Mama Zawadi."

Nilidhani ananitania. Mama Zawadi alikuwa mjane anayeanika dagaa. Nyumba yake ndiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya mchanga, na kila mtu alijua kwamba hapandi boti. Hata watu wa nyumbani kwake walipokwenda harusini Ikola kwa maji, yeye alizunguka kwa miguu. Mtu wa namna hiyo angenifundisha nini?

Nilimwendea baada ya wiki moja tu, na nilikwenda kwa hasira. Ilikuwa hivi. Jioni niliifunga boti kwenye kigingi, ikiwa inaelea vizuri. Asubuhi nikaikuta imekaa juu ya mchanga mkavu, maji yako hatua sita mbele yake. Nikajua kuna watu wamenivutia boti ili wanicheke mimi mtu wa milimani. Nikapita nyumba hadi nyumba nikiuliza nani kafanya. Nilipofika kwa Mama Zawadi, alikuwa akigeuza dagaa kwa ufagio. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Baba, boti yako hakuna aliyeigusa," akasema. "Njoo uone."

Akanipeleka kwenye jiwe lake la kufulia, jeusi, nusu majini nusu nje. Ubavuni lilikuwa na mstari mweupe wa maji ya zamani, na chini ya ule mstari kulikuwa na unyevu wa upana wa kiganja.

"Jana maji yalikuwa hapa kwenye mstari. Leo yako hapa chini. Umesikia kusi lilivyovuma siku nne? Limeyasukuma maji upande wa Kigoma. Chukua sufuria la uji, uliinamishe kidogo, utaona uji unavyoacha ukingo huu na kupanda ule. Upepo ukichoka, yatarudi. Na yakirudi hayaji kimyakimya, yanapita hapa mbele yakiwa na nguvu zake."

"Umejuaje yote haya wakati hupandi boti?"

"Nafua," akasema.

Hilo ndilo somo langu la kwanza, vijana, na nawapa bure. Kiganja kimoja kwenye jiwe, kwenye ufukwe ulio tambarare kama wetu, ni hatua sita za mchanga. Funga boti yako kwa kamba ndefu, na kabla hujasafiri tafuta jiwe la mtu anayefua, uliangalie. Baada ya pale nikawa napita kwa Mama Zawadi kila asubuhi ya safari. Akiniambia "leo yanapanda," nilijua mkondo wa pwani utakuwa unanisukuma kusini, kwenye vijiji tulivyovihudumia. Akiniambia "yanashuka," nilibeba chakula cha ziada.

Nisiwafiche, palitokea mtu aliyelijua jambo hili kuliko sote, au alidhani hivyo. Tuliletewa bwana wa stoo, mzaliwa wa Pangani, mtu mzuri sana, msafi, mwenye maneno matamu ya pwani. Siku moja tulikwama kwenye fungu la mchanga tukirudi kutoka kijijini. Nikashuka nianze kusukuma. Yeye akanizuia. Akaangalia saa, akahesabu siku za mwezi kwa vidole, akasema maji yatajaa saa saba, tukae tusubiri.

Nikamwambia kwa heshima kwamba ziwa letu halijui mwezi. Akasema maji ni maji. Basi tukakaa. Nesi Leokadia akatoa mihogo ya kuchemsha tukala. Ilipofika saa saba na nusu, boti ikatikisika, ikaelea yenyewe. Kusi lilikuwa limetulia tangu alfajiri, na maji yalikuwa yanarudi, kama Mama Zawadi alivyokuwa ameniambia. Lakini nani angemweleza bwana wa stoo? Alihama kwetu miaka mitatu baadaye akiwa bado anaamini kwamba Tanganyika inajaa na kupwa kama Pangani, na sisi hatukuwa na moyo wa kumwambia vinginevyo. Hata leo nikimkumbuka nafurahi.

Mimi pia niligundua kitu changu kimoja, na najivunia. Sisi watu wa Mwese tuna mahindi. Nilikuwa nachukua gunzi lililolowa na jani kavu, natupa vyote viwili majini kwa pamoja. Jani linakaa juu, linakwenda na upepo. Gunzi linazama karibu lote, linakwenda na maji. Vikienda pamoja, safari ni nyepesi. Vikiachana, basi ujue una mabwana wawili, mmoja anakuvuta huku na mwingine kule, na boti yako itakwenda mahali ambapo hakuna hata mmoja wenu aliyekusudia. Nyie wenye injini hamlioni hilo kwa sababu injini inaficha mkondo. Izimeni dakika tano. Muangalie gunzi.

Sasa niwaeleze ile siku.

Ulikuwa mwaka wa mvua nyingi. Mto unaomwaga maji ziwani kusini yetu ulijaa ukabeba daraja la magogo, na njia ya miguu ikafa. Zawadi, binti wa pekee wa Mama Zawadi, alikuwa ameolewa kijiji cha ng'ambo ya mto. Asubuhi moja wavuvi walishuka kutoka huko na ujumbe: Zawadi amejifungua tangu juzi, mtoto ni mzima, lakini Zawadi mwenyewe ana homa kali na hatambui watu.

Nesi Leokadia alikuwa mtu wa maneno machache. Alifungasha dawa na dripu, akaniambia, "Gaudensi, tunaondoka sasa." Nikaenda kuandaa tanga. Nilipogeuka, Mama Zawadi alikuwa amesimama ndani ya maji, yamemfika magotini, ameshika kifurushi cha khanga. Nilikuwa nimemfahamu miaka sita, na sikuwahi kumuona akiingia zaidi ya pale.

"Nishike mkono," akasema.

Nilimshika, akapanda, akakaa katikati, akashika ubao wa kukalia kwa mikono yote miwili kama mtu anayeshikilia mlango usifunguke. Kwa haraka ile sikutupa gunzi. Sikuangalia jiwe. Mwenye jiwe alikuwa ndani ya boti, na mimi nilikuwa na upepo mzuri, basi nikaona inatosha.

Asubuhi, kama mnavyojua au mtakavyojua, upepo mwepesi hushuka kutoka milimani kwenda majini, na mchana hugeuka ukarudi nchi kavu. Ule wa asubuhi ulitupiga ubavu wa kushoto, tanga likajaa, tukaenda kusini vizuri kabisa. Mbele yetu niliona bati la shule ya kijiji kile, na nyuma yake mlima wenye kilele cha mviringo. Nikaielekeza pua ya boti kwenye lile bati. Hata nikapiga mluzi.

Maji yalianza kuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nilijua ni ya mto, sikujali. Tulikuwa mbali na mdomo wake.

"Gaudensi," Mama Zawadi akasema, "ile nyumba imeuacha mlima."

"Nyumba ipi?"

"Ile ya bati. Tulipoanza ilikuwa imekaa katikati ya mlima. Sasa iko pembeni, kushoto. Inakwenda."

"Nyumba haiendi, mama."

"Ndiyo maana nakuambia."

Nikatazama. Pua ya boti bado ilielekea kwenye bati, tanga limejaa, maji yanapasuka vizuri mbele, kila kitu kilisema tunakwenda. Lakini bati lilikuwa limetoka mlimani, na kadiri nilivyotazama ndivyo lilivyozidi kusogea. Nikageuka kuangalia ufukwe. Miti niliyoihesabu mmojammoja muda mfupi uliopita ilikuwa imekuwa ukuta mmoja wa kijani. Mto ulikuwa umetushika kwa chini na upepo wa milimani ulikuwa unausaidia. Tulikuwa tunapelekwa upande wa Kongo, ubavu ubavu, huku tukitazama shule.

Nilifanya kile ambacho kila mmoja wenu angefanya. Nilishusha tanga, nikageuza pua kuelekea nchi kavu, nikashika kasia moja, nesi akashika la pili, tukapiga. Tulipiga mpaka viganja vya Leokadia vikachubuka. Kila nikiinua kichwa, miti ilikuwa palepale au mbali kidogo. Kifua kiliniwaka. Nikawaza, nikiongeza nguvu kidogo tu tutatoka.

"Acha," Mama Zawadi akasema.

"Tukiacha tunakwenda."

"Baba Zawadi alipiga hivihivi."

Nikasimamisha kasia. Kwa miaka sita hakuwahi kumtaja mumewe mbele yangu. Nilijua tu kwamba alipotelea ziwani.

"Nilikuwa nimesimama kwenye jiwe," akasema, hakuinua sauti. "Alikuwa anarudi. Boti ikija nyumbani inakaa mbele ya mlima wa ng'ambo ya ghuba, haihami. Siku ile ilihama. Nikaona ameipeleka pua kwangu, anapiga kasia, anapiga, na boti inazidi kuuacha mlima. Nilipiga kelele asipigane na maji, ayakate aende pembeni. Nikapiga kelele mpaka sauti ikaisha. Hakunisikia. Alichoka mbele ya macho yangu, Gaudensi. Kesho yake walileta kasia moja."

Nesi alikuwa ameificha mikono kwenye gauni.

"Sasa ningemwambia hivi," Mama Zawadi akaendelea. Akaachia ubao mkono mmoja, akanyoosha kidole kusini. "Unaliona povu lile, lenye majani na vijiti? Pale ndipo ulimi wa mto unapoishia. Ng'ambo yake maji ni safi, yametulia. Usielekee nyumbani. Elekea lile povu, ukate ulimi kwa upana wake. Ukupeleke nje unavyotaka, wewe kata tu."

"Tutakuwa mbali sana na nchi."

"Tutakuwa mbali," akakubali. Kidole chake kilibaki palepale, hakikutikisika.

Nikapandisha tanga, nikaipa nchi kavu ubavu. Vijana, hakuna kitu kigumu kama kuondoa pua ya boti kwenye nyumba unayoitaka. Mwili wote unakataa. Tulikwenda tukizidi kutolewa nje, mpaka shule ikawa nukta inayong'aa, na mawimbi yakawa marefu ya maji ya kina. Mama Zawadi hakufumba macho hata mara moja. Alikuwa ananiambia, "Kulia kidogo. Sasa nyoosha. Usiogope, povu linakuja." Sijui alikuwa anamwambia nani, mimi au mtu mwingine.

Tulilivuka povu. Kulikuwa na magogo, majani, ndara moja ya mtoto. Kisha maji yakabadilika ghafla kama umevuka kizingiti, yakawa ya bluu na mazito, na boti ikatulia. Nikatazama bati na mlima. Vilikuwa mbali na vimeachana, lakini vilikuwa vimesimama. Mkondo ulikuwa umetuachia.

Tukakaa pale bila kupiga kasia, nesi akizifunika dawa, anasema "jua lisiwapate" kama ni watoto. Upepo wa milimani ukafa. Baada ya muda, wa mchana ukaanza kwa nyuma yetu, ukatusukuma moja kwa moja ufukweni. Tulifika saa tisa. Mama Zawadi alishuka kabla boti haijagusa mchanga, maji yakamfika kiunoni, akatembea bila kugeuka nyuma.

Zawadi alikuwa mahututi. Leokadia alimtundikia dripu kwenye msumari wa picha, akamchoma sindano, akakaa naye siku tatu kabla mimi sijamrudisha kituoni. Siku ya pili jioni Zawadi alifungua macho, akamuona mama yake, akauliza, "Mama, umepita wapi? Daraja si limeondoka?"

"Nimepita majini."

Zawadi akaanza kulia. Si kwa maumivu. Mimi nilikuwa mlangoni, nikatoka nje nikajifanya nakunja tanga.

Baada ya wiki mbili nilikwenda kumchukua Mama Zawadi. Nilidhani atasubiri njia ya miguu ikauke, lakini alikuwa ufukweni ananisubiri, na safari hii alikaa mbele. Mto ulikuwa umepungua. Nilitupa gunzi na jani, vikaenda pamoja. Tulipofika katikati, akaniambia nishushe tanga.

"Kuna nini, mama?"

"Shusha tu."

Nikashusha. Pakawa kimya, kimya kile ambacho nyie wa injini hamjawahi kukisikia. Akauliza, "Wewe unayejua maji sasa, mtu akipotelea huku, anaishia wapi?"

Ningeweza kumtungia. Nikamwambia ukweli, kwamba kusi likivuma yanakwenda kaskazini, likitulia yanarudi, ya pwani yanazunguka, ya kina yana njia zake, na hakuna anayeweza kunyoosha kidole akasema ni pale.

Akafikiri. "Kwa hiyo hata hapa."

"Hata hapa, mama."

Akavuta mtandio kichwani, akainua mikono, akasoma dua yake. Alipomaliza aliinama, akaweka kiganja kwenye maji, akakiacha pale. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama mke anayempa habari mume aliye chumba cha pili:

"Zawadi alikuwa anaumwa. Amepona. Amezaa mtoto wa kike, ana masikio yako."

Kisha akajifuta mkono kwenye khanga, akanigeukia.

"Haya, baba. Twende nyumbani."